Kaza Mpaka Itakatala: Maneno na Vipimo katika Kufufua Peugeot 504 Nyumbani

Aliyewahi kukaa saa moja katika gereji ya Lubumbashi amesikia agizo hili: «Kaza mpaka itakatala.» Fundi humwambia hivyo kijana aliyeshika spana, kijana hukaza mpaka bolti ikatae kuzunguka, kisha wote wawili huendelea na kazi nyingine. Kwa kishikio cha mlango agizo hilo latosha. Kwa kichwa cha injini halitoshi, na sisi tulijifunza hilo kwa hasara. Bolti yetu ilikataa, tukaongeza nguvu kidogo, nayo ikakubali tena. Ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, na kabla hatujaelewa wepesi huo una maana gani, ikakatika ndani ya injini.

Makala haya yanaeleza jinsi gari la zamani lenye mbio linavyofunguliwa, linavyopimwa na kufungwa tena uani nyumbani, kwa mfano wa Peugeot 504 ya mjomba wangu. Yanaandikwa katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu moja: makosa yetu makubwa zaidi hayakutoka mikononi. Yalitoka katika maneno ambayo kila mmoja wetu alidhani mwenzake anayaelewa kama yeye.

1. Gari lenyewe

Peugeot 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969. Wengi wetu tunaikumbuka kama gari la teksi na la barabara mbovu, tukasahau kwamba ilikuwa pia gari la mashindano. Ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa amekwisha kushinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda mashindano hayo kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akayashinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6.

Ya mjomba ni ya milango minne, yenye injini ya sentimita za ujazo 1971. Ina silinda 4, kila moja na upana wa milimita 88, na pistoni husafiri milimita 81. Mafuta yake hayapiti katika kabureta. Pampu ya Kugelfischer huyapima na kuyasukuma kwenye kila silinda, bila elektroniki yoyote. Kwa mfumo huo injini hutoa zaidi ya nguvu za farasi 100, kiasi kizuri kwa gari la familia la wakati wake. Breki za mbele na za nyuma ni za diski, na kila gurudumu la nyuma huchezea springi yake peke yake. Ndiyo maana gari hili hukimbia kwenye mashimo bila kuruka ovyo.

Lilikuwa limesimama chini ya mwembe miaka 11.

2. Sarufi ya kufungua

Kiswahili kimejaliwa kitu ambacho fundi hukihitaji kuliko mtu mwingine yeyote: kauli ya kutendua. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunabandika na kubandua, tunapanga na kupangua. Kiambishi ni kimoja, -u-, nacho hugeuka -o- pale mzizi unapokuwa na irabu o, kama katika kuchomeka na kuchomoa. Ukimsikiliza fundi akifungua injini, utasikia safu nzima ya vitenzi hivi, na baada ya majuma kadhaa utasikia wenzi wao, kuanzia wa mwisho kurudi kwa wa kwanza.

Vitabu vya Kifaransa vya matengenezo vina imani hiyo hiyo. Baada ya kurasa nyingi za kueleza jinsi ya kutoa kifaa, humaliza kwa sentensi fupi inayosema kwamba kukirudisha ni kufuata mpangilio huo kinyumenyume. Sarufi na kitabu hukubaliana: kilichofunguliwa hufungwa.

Kwa sehemu kubwa ya gari hilo ni kweli, mradi kumbukumbu iwepo. Kanuni ya kwanza ya kazi ya nyumbani, basi, ni kuandika kabla ya kugusa. Piga picha ya kila upande. Kila kundi la bolti liwekwe katika kopo lake, na juu ya kopo iandikwe jina la sehemu, tarehe, na idadi. Bolti mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana urefu kwa milimita 5, na ile ndefu ikiingizwa katika tundu fupi itagusa chini kabla haijabana chochote. Gari linalofunguliwa katika majuma 2 huenda likafungwa baada ya miezi 18. Hakuna kichwa kinachohifadhi makopo 60 kwa muda huo.

3. Kushoto kwa nani?

Kosa letu la kwanza halikugharimu fedha nyingi, lakini linatufaa darasani. Niliandika juu ya kopo: «bolti za kushoto». Niliandika nikiwa nimesimama mbele ya gari, nikiitazama injini. Binamu yangu alilisoma akiwa amekaa ndani, akitazama mbele. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Tukajaribu kurekebisha kwa kuandika «upande wa dereva», na hilo likawa baya zaidi. Kwetu Kongo usukani wa 504 uko kushoto, lakini magari mengi ya Kijapani yanayoingia kupitia Kasumbalesa yana usukani kulia, na kijana aliyekuja kutusaidia alizoea hayo.

Silinda nazo zina fumbo lake. Katika magari mengi ya Kijapani, silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda. Peugeot huhesabu kuanzia upande wa pili, kwenye gurudumu zito linaloshikana na klachi. Kitabu kikisema «waya wa kwanza», na kijana akauchomeka kwenye silinda ya mbele, cheche hutoka wakati usiofaa, na injini hukohoa kwa kurudisha moto kwenye njia ya hewa.

Neno moja zaidi lingeweza kutuunguza. Mtanzania akisema petroli anamaanisha yale mafuta ya kuendeshea gari, ambayo sisi tunayaita esansi. Mkongo aliyekulia katika Kifaransa akisikia petroli anafikiri mafuta ya taa. Tulikuwa tukifuata maelezo ya video ya Dar es Salaam kuhusu kuosha vifaa. Mafuta ya taa huosha bila hatari kubwa yakitumiwa mahali penye hewa. Esansi huvukiza haraka, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu ya umeme. Tangu siku hiyo daftari letu lina ukurasa wa kwanza wenye mistari mitatu: kushoto ni kushoto kwa aliyekaa akitazama mbele, silinda ya kwanza ni ile ya upande wa klachi, hatuandiki petroli.

4. Bati kabla ya injini

Anayefufua gari kwa mara ya kwanza hukimbilia injini, kwa sababu injini ndiyo inayonguruma. Lakini 504 haina chasisi ya pembeni: bati lenyewe ndilo linalobeba kila kitu. Kama bati limeoza, injini nzuri haitaokoa gari. Chunguza sakafu chini ya mazulia, chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, pembe za kioo cha mbele, na pale springi za mbele zinaposhikana na mwili wa gari. Gonga kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia. Bati lililoliwa na kutu hutoa sauti iliyozimika.

Sehemu iliyooza hukatwa mpaka kwenye chuma kisafi, kisha kipande kipya huchomelewa. Hatari yake ni hii: ukikata ule mhimili ulio chini ya milango bila kuliegemeza gari, mwili hujikunja kidogo, na ukishachomelea katika hali hiyo milango haitafunga tena. Kwa hiyo, kwanza liegemeze pande zote, pima nafasi kati ya mlango na fremu yake, andika, kata, pima tena, ndipo uchome. Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi. Chuma kilichosafishwa asubuhi ya mwezi wa kwanza, mvua ikiwa inanyesha Lubumbashi, huwa chekundu kesho yake kama hakijapakwa rangi ya kwanza.

5. Kati ya kufungua na kufunga

Sasa tufike kwenye injini, mahali ambapo imani ya kinyumenyume huvunjika.

Injini ya 504 ina mwili wa chuma na kichwa cha alumini. Pistoni hazitembei moja kwa moja ndani ya mwili huo. Kila moja ina bomba lake linalochomolewa. Mafundi wetu huliita shemizi, neno lile lile la shati, na mfano ni mzuri: bomba limeivaa pistoni, na maji ya kupozea hulizunguka kwa nje. Chini ya kila shemizi kuna kizibo chembamba kinachozuia maji yasishuke kwenye mafuta.

Mpangilio huu ni baraka, kwa sababu shemizi iliyochakaa hubadilishwa bila kutupa injini. Lakini una masharti. Kichwa kisinyanyuliwe wima mara tu bolti zinapotoka, maana huenda shemizi zimegandamana nacho na zitapanda pamoja nacho. Husukwasukwa kwanza kwa pembeni mpaka kiachie. Kikishatoka, shemizi zibanwe kwa vipande vya chuma kabla mtu hajazungusha injini. Moja ikipanda hata kidogo, kizibo chake huharibika. Baada ya kufunga kila kitu utavuta kijiti cha mafuta na kukuta rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia.

Shemizi inapowekwa, ukingo wake unapaswa kuuzidi uso wa mwili wa injini kwa kiasi kinachohesabiwa katika sehemu za mia za milimita. Ikiwa chini mno, kichwa hakitaibana, na jwe ya kilasi, yaani ile gasketi iliyo chini ya kichwa, itavuja. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, wala kidole hakiwezi. Saa ya kupimia ndiyo inayoweza, na ile isiyopatikana nyumbani huazimwa. Kichwa nacho hupimwa kwa rula iliyonyooka kabisa, kwa sababu alumini iliyowahi kupata joto kali hupinda.

Jwe ya zamani hairudishwi. Vizibo vya zamani havirudishwi. Kati ya kufungua na kufunga, basi, kuna kitenzi cha tatu ambacho sarufi ya kutendua haikitaji: kupima. Magari mengi yanayobaki uani vipande vipande yamekwama hapo.

6. Kwa nini hakuna «kukazua»

Turudi kwenye bolti yetu. Mzee aliyetusimamia alikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kazi, na hakukosea alipotoa agizo lake. Yeye anaposema «mpaka itakatala», mkono wake unajua kukataa kwa aina nyingi: kwa bolti kavu, kwa bolti yenye mafuta, kwa bolti inayoingia katika alumini. Binamu yangu alisikia neno tu. Elimu ya mkono haikumfikia pamoja nalo. Isitoshe, alikuwa ameongeza bomba kwenye spana.

Bolti hubana kwa sababu huvutika. Ukikaza, inarefuka kidogo mno, kisha hutaka kurudi kama springi, na ule utashi wa kurudi ndio unaobana kichwa. Ikivutwa kupita kiasi haitaki kurudi tena. Imerefuka moja kwa moja. Wakati huo mkono husikia wepesi. Kukubali kwa bolti baada ya kukataa ndiyo dalili ya mwisho kabla haijakatika.

Kiasi cha kukaza ni nguvu mara urefu. Mtu akivuta kwa uzito wa kilo 10 kwenye spana ya nusu mita, kipimo ni kama Newton-meta 49. Akiongeza bomba ili urefu uwe mita moja, akavuta kwa nguvu ile ile, kipimo huwa 98. Mkono wake hausikii tofauti yoyote, lakini bolti imebeba mara mbili. Ndiyo maana kuna spana yenye kipimo, inayolia au kuonyesha namba kiasi kinapofikiwa. Na ndiyo maana bolti za kichwa hukazwa kwa hatua kadhaa, kuanzia za katikati kwenda pembeni, kwa namba na mpangilio wa kitabu cha injini hiyo hiyo. Nyuzi ziwe safi, na matundu yasiwe na maji wala mafuta yaliyotuama.

Hapa mwanafunzi wa lugha atagundua jambo. Kufunga kuna kufungua, kuchomeka kuna kuchomoa. Kukaza hakuna kukazua. Kinyume chake ni kulegeza, neno la mzizi mwingine kabisa. Naona sababu yake. Kufunga ni hali: mlango umefungwa au umefunguliwa. Kukaza ni kiwango: kuna kukaza kidogo, kukaza sana, kukaza kupita kiasi. Hali yaweza kutenduliwa, lakini kiwango kinahitaji kipimo. Na kitenzi -katala, chenye l ambayo pwani imeidondosha katika kukataa lakini imeihifadhi katika kukatalia, hakitoi kipimo hicho. Kinatoa hisia.

Kipande kilichobaki ndani kilitolewa kwa kutobolewa katikati na kuzungushwa kwa chombo chenye nyuzi za kinyume. Majuma mawili yakapita, na jwe mpya ikanunuliwa mara ya pili. Kama drili ingeteleza upande, tungeharibu mwili wa injini, na gari lingeuzwa kama chuma chakavu.

7. Mpaka wa nyumbani

Si kila kitu kifunguliwe chini ya mwembe. Tangi la mafuta lilisafishwa, mabomba ya mpira yakabadilishwa, vichujio vipya vikawekwa, kwa sababu esansi iliyokaa miaka mingi huacha gundi. Pampu yenyewe hatukuifungua. Vipande vyake vimetengenezwa kwa usahihi mkubwa, na upimaji wake huhitaji meza maalumu. Wengi huitupa na kuweka kabureta. Si dhambi, lakini waitupe wakijua kwamba wanaondoa sehemu ya kile kilicholipa gari hilo mbio zake.

Breki hazina majadiliano. Mipira yote ya breki, vizibo vyote na mafuta yake yote ni vipya, hata kama vya zamani vinaonekana vizima. Gari lisilowaka halimwui mtu; lisilosimama linaua.

Kabla ya kuwasha, tulikata umeme wa cheche na kuizungusha injini mpaka geji ya mafuta ikapanda. Ndipo tukarudisha umeme. Iliwaka mara ya tatu. Mara mbili za kwanza ilikohoa, kwa sababu mtu fulani, ambaye ni mwandishi wa makala haya, alikuwa amesahau ukurasa wa kwanza wa daftari na kuanza kuhesabu silinda kutoka mbele.

8. Daftari

Daftari lile sasa lina safu nne: neno la gereji yetu, neno la Kifaransa la kitabu, neno la Afrika Mashariki, na kipimo. Katika mstari mmoja utakuta piesi, pièces na spea. Katika mwingine buji, bougie na plagi. Safu ya nne ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, na kwa maneno mengi bado ni tupu.

Katika kazi zetu za istilahi tumezoea kubishana ni neno lipi lichaguliwe. Gereji imenifundisha kuuliza swali jingine kwanza: neno hili, likitamkwa na mzee na kusikiwa na kijana, linafika na nini? Maarifa ya mafundi wa Kenya, Katuba na Kamalondo hayamo katika vitabu. Yamo katika maagizo mafupi kama lile tulilolianza nalo, na wenye mikono inayoyaelewa wanazeeka. Kuandika agizo peke yake ni kuandika nusu. Inabidi kukaa pale, kuuliza «inakatala namna gani?», na kuweka namba kando ya jibu.

Nilimwuliza Mzee swali hilo tulipokuwa tunakaza kichwa mara ya pili, spana yenye kipimo ikiwa mkononi mwake. Alikaza bolti ya kwanza kwa mazoea yake, macho yake yakiwa mbali na namba, kisha akaniambia nisome. Alikuwa ndani ya kipimo cha kitabu. Akampa binamu yangu spana na kusema: «Sasa wewe angalia namba, lakini sikiliza mkono pia. Siku moja namba itaharibika.»

Sentensi hiyo nayo imo daftarini. Wenzetu wa Bukavu, Goma, Kisangani na Kalemie walio na maneno ya gereji za kwao watuletee, hasa yale ya safu ya nne.